Bibi Gundi na Kitabu Kisichofunguka

Chumba cha Bibi Gundi kilikuwa chini ya ngazi za maktaba, ukishapita stoo ya viti vibovu, na mlangoni palikuwa na kibao kilichosema HATARI: UMEME, ingawa ndani hapakuwa na umeme wa kumtisha hata mende. Kibao kilikuwa cha chumba cha jirani. Kilianguka, mtu akakiokota, akakipigilia kwenye mlango uliokuwa karibu na nyundo yake, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyejisumbua kukihamisha. Bibi Gundi mwenyewe alikipenda. Kilimpunguzia wageni.

Kazi yake ilikuwa kuuguza vitabu. Kitabu kilichovunjika mgongo, kilichochanwa kurasa na mwanafunzi mvivu wa kunakili, kilichomwagiwa chai na mhadhiri kisha kikarudishwa rafuni kimyakimya, vyote viliishia mezani kwake. Alikuwa na sindano tatu, uzi uliopakwa nta, kisu kimoja chembamba alichokinoa mwenyewe, kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi, mashine ya kubana yenye gurudumu kama usukani wa lori, na sufuria ya gundi aliyoipika kwa unga wa ngano kila Jumatatu. Gundi ya dukani hakuitaka kabisa. Alisema ni sawa na mume mwenye wivu: inashika kwa nguvu, lakini siku ya kuachana inaondoka na ngozi yako.

Hakuzaliwa na ufundi huo. Aliingia chuo kikuu kile akiwa mfagiaji, mama wa watoto pacha, mke wa fundi cherehani. Siku moja akifagia Idara ya Fizikia aliona rejista ya mahudhurio imeachana vipande vitatu. Hakutumwa na mtu. Aliichukua nyumbani, akaishona kwa uzi wa mumewe, akaibandika kwa uji wa unga, akairudisha asubuhi. Wakubwa wa idara walikaa kikao kizima kujadili ni nani aliyeiba rejista mbovu akarudisha nzima. Mmoja tu ndiye aliyetoka nje kwenda kumtafuta mfagiaji.

Huyo alikuwa profesa kwa cheo, lakini watu wote walimwita Mwalimu, naye aliitika. Alikuwa mrefu, mwembamba, vifungo vya shati lake vimeingia matundu yasiyo yao, na mpole kiasi kwamba akigonga kiti alikiomba radhi. Aliandika barua kwa utawala kwamba mama huyu anapaswa kutengeneza vitabu, si kufagia. Hakujibiwa. Akaandika ya pili, akaandika ya tatu, akaendelea kuandika mpaka utawala ukachoka kusoma mwandiko wake, ambao ulikuwa mbaya sana, ukampa yule mama chumba cha chini ya ngazi ili upate kupumua.

Basi Mwalimu akawa mgeni wake pekee asiyeogopa kibao cha umeme. Wengine chuoni walimwita Bibi Gundi hata kabla hajapata mvi. Yeye alimwita Mama Pacha, jina lake la nyumbani.

Kuna siku moja, msimu wa mitihani, Mwalimu alisimama mlangoni ameshika bahasha kubwa ya kaki. Mezani palikuwa na rejista arobaini zilizotakiwa jana yake.

"Mama Pacha, samahani. Nina kitu changu kidogo hapa kinataka kisu chako. Ukipata nafasi."

"Kesho, Mwalimu," Mama Pacha alijibu bila kuinua kichwa, sindano ikiwa mdomoni, maana huko ndiko alikoiweka kila mikono ilipojaa.

"Si neno," alisema Mwalimu, akajigonga mlangoni, akauomba mlango radhi, akaenda zake. Kesho yake ziliongezeka rejista kumi na tano. Habari ya kisu ikapita kama zinavyopita habari za watu wasiojua kupiga kelele.

Wiki chache baadaye Mwalimu alianza kuja saa saba mchana, wenzake wakienda kula. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, akampa mgongo, akajikunja. Akiwa na ile bahasha mapajani, alishika tochi ndogo mkono mmoja, na mkono wa pili kioo cha daktari wa meno, kile cha mviringo mdogo kama kifungo cha koti, chenye mpini mrefu. Bibi Gundi alikiona mara moja kwa pembeni, akageuza uso haraka. Maskini, alijisemea, ana meno mabovu na anaona haya kuyakagua mbele ya watu. Kesho yake akamletea glasi ya maji ya vuguvugu yenye chumvi.

"Sukutua nayo, Mwalimu. Yatapoa."

Mwalimu aliitazama glasi, akamtazama yeye, akafungua mdomo kutaka kusema neno, kisha akasukutua. Kwa karibu miaka miwili, kila saa saba, mtu yule alisukutua maji ya chumvi, akashukuru, akatema nje ya dirisha. Michicha ya mtunza bustani iliyokuwa chini ya dirisha hilo haikuota tena.

Alipostaafu alikisahau kile kioo mezani. Bibi Gundi akakisafisha, akagundua kwamba kinafaa sana kuchungulia ndani ya migongo ya vitabu, akakitia kwenye mfuko wa aproni. Kilikaa humo miaka yote iliyofuata.

Mwalimu alipokufa, aliacha wosia wa mistari miwili: vitabu vyake vipewe wanafunzi, isipokuwa kimoja kipewe maktaba. Hicho kimoja ndicho kilicholeta balaa.

Kilikuwa kitabu juu ya mwanga, cha zamani, chapa ya kwanza. Kilipotoka kiliwaambia wanasayansi kwamba mambo waliyofundishana juu ya mwanga kwa vizazi vitano yalikuwa porojo, na wakamtukana mwandishi mpaka alipokufa, ndipo wakamsifu. Zilichapwa nakala mia tatu tu, na zilizobaki duniani unaweza kuzihesabu kwa vidole ukiwa umevaa viatu. Chapa hiyo ilikuwa na alama yake: katika ukurasa wa 114 kulikuwa na mchoro uliochapwa miguu juu kwa makosa ya wachapaji. Katika chapa ya pili ulisahihishwa. Kwa hiyo kitabu chenye kosa kilikuwa dhahabu, na kilichosahihishwa kilikuwa karatasi. Bibi Gundi aliposikia hayo alisema laiti dunia ingewahesabu na wanadamu hivyo hivyo.

Idara nzima iliishi kwa kivuli cha kitabu hicho. Mkuu wa Idara ndiye aliyekisifu kuliko wote. Wanafunzi walimpa jina la Profesa Kwa Ufupi, kwa sababu kila alipotamka maneno hayo walijua ni saa nzima. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi wapya kwamba amekisoma kitabu cha Mwalimu mara mbili, na kwamba mchoro wa ukurasa wa 114 aliuona kwa macho yake mawili, ukamtoa machozi. Wahadhiri wengine nao wakawa wamekisoma. Baada ya miaka michache ilikuwa vigumu kumpata hata dereva wa idara ambaye hajakisoma.

Maktaba ilipojiandaa kwa maonyesho ya kutimiza miaka sitini, Mkutubi Mkuu alikileta kitabu chini ya ngazi kwa mikono yake, amevaa glavu. Mama huyu alikuwa amesomea uongozi, na vitabu alivikaribia kama mtu wa mjini anavyomkaribia ng'ombe.

"Mgongo tu, Bibi. Umelegea. Ndani usiguse, tafadhali, hiki ni kitu cha historia. Kuna mtaalamu wa vitabu vya kale anakuja kukithibitisha, na yeye ataanza na ukurasa wa 114."

Bibi Gundi aliitikia, akafunga mlango, akakigeuza kitabu upande wa juu. Sekunde mbili zilimtosha.

Zamani vitabu vya namna ile vilitoka kiwandani havijakatwa. Karatasi kubwa ilichapwa kurasa kumi na sita, ikakunjwa mara tatu, ikashonwa mgongoni, basi. Mikunjo ilibaki juu na pembeni, na kurasa zikawa mifuko iliyo wazi kwa chini tu. Mnunuzi alikaa na kisu, akakata mikunjo kadiri alivyosoma. Asipokata, katika kila kurasa kumi na sita anazoweza kufungua ni nne: wa kwanza, wa nane, wa tisa na wa kumi na sita. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu amekisoma kitabu hicho mpaka wapi, tazama kisu kimeishia wapi.

Kwenye kitabu cha Mwalimu kisu hakikuwa kimeanza.

Bibi Gundi alicheka mpaka akashika meza. Maprofesa wazima, wenye majoho! Ukurasa wa kwanza unaungana na wa nane, na hakuna hata mmoja aliyestuka kwamba sentensi haina mkia! Kisha akaacha kucheka, maana alikumbuka mwenye kitabu ni nani. Mwalimu alikuwa amemwambia kwa kinywa chake, katika chumba kile kile, "Nimekisoma chote, Mama Pacha, mpaka nukta ya mwisho." Na Mwalimu hakuwa mtu wa kusema uongo. Au alikuwa? Ilimuuma kama vile amemkuta baba yake mzazi akidokoa nyama jikoni. Akaushona mgongo, akakirudisha, akafunga mdomo.

Siku nne baadaye Profesa Kwa Ufupi alikuja na mpiga picha, ili mchoro maarufu uwekwe kwenye bango. Wakaufikia ukurasa wa 113, wakataka kugeuza, haukugeuka. Wakajaribu wa 114 kwa upande wa pili, haukufunguka. Profesa alivuta, akapuliza, akatia kucha. Ndipo akakumbuka kitabu kimetoka kutengenezwa kwa nani, na huyo mtu anaitwa nani. Jioni hiyo hiyo Bibi Gundi alipewa barua: ajieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuzigandisha kwa gundi kurasa za kitabu adimu.

Ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu. Katika miaka thelathini na moja hakuharibu hata daftari. Sasa angetoka na jina gani? Yule bibi aliyegandisha kitabu. Wangelicheka jina hilo kwenye ngazi zile mpaka ngazi zibomoke.

Alimsomea mumewe barua ile katika duka lake la ushonaji, watu wakiwa wameondoka. Fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye pedali.

"Hawajui kitabu kisichokatwa?"

"Vyao vyote vimekuja vimekatwa, Baba Pacha. Watajulia wapi?"

"Si uwaambie! Mbona jambo jepesi. Chukua kitabu, waonyeshe mikunjo, rudi nyumbani tule."

"Nikiwaonyesha mikunjo, nimewaonyesha kwamba hakuna aliyekisoma. Na Mwalimu ndiye mwenyewe. Watasema alikuwa mwongo."

"Mwalimu amekufa, mke wangu. Maiti hafukuzwi kazi. Wewe je?"

"Mtu aliyenitoa kwenye ufagio! Fadhila za punda ni mateke, ndiyo unataka niwe punda?"

Fundi alifikiri, akakata uzi kwa meno. "Punda angalau hapewi barua," alisema, akaendelea kushona. Bibi Gundi alitaka kukasirika, lakini akajikuta anacheka, na kucheka huko kukamfanya alie kidogo.

Mwishowe aliandika maelezo ya sentensi moja: Sikutia gundi ndani ya kitabu. Aliazimia kwamba wakimuuliza zaidi atarudia hiyo hiyo mpaka wachoke, kama Mwalimu alivyowachosha kwa barua.

Kikao kilifanyika katika chumba cha mikutano cha maktaba, chenye meza ndefu kuliko mazungumzo yoyote yaliyowahi kufanyikia hapo. Walikuwepo Mkutubi Mkuu, Profesa Kwa Ufupi, na karani wa kuandika. Kitabu kilikuwa katikati, juu ya kitambaa, kama mgonjwa.

"Bibi," alianza Profesa, "kwa ufupi." Kwa dakika ishirini alieleza historia ya mwanga. Bibi Gundi alivumilia. Akaeleza uzembe wa watumishi wa ngazi za chini. Bibi Gundi alivumilia. Kisha akaweka mkono kifuani. "Mimi binafsi kitabu hiki nimekisoma mara mbili, nikiwa nacho mapajani. Kurasa zilikuwa zinafunguka kama mlango. Kabla hakijapita kwako, Bibi."

Uvumilivu una mpaka, na mpaka wa Bibi Gundi ulikuwa hapo. Mtu anakusingizia, sawa. Anakusingizia huku anadanganya mbele ya karani! Alisahau azimio lake lote. Akaichukua ile barua ya kujieleza, akaikunja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akaubana upande mmoja kwa vidole kama mgongo wa kitabu, akamsogezea Profesa.

"Nifungulie ukurasa wa tatu."

Profesa alijaribu. Alijaribu kwa juu, akajaribu kwa pembeni, akatazama kwa chini.

"Haufunguki," alisema.

"Gundi iko wapi?"

Mkutubi Mkuu alinyoosha mkono akachukua barua ile, akaikunjua, akaikunja upya polepole, akatazama kitabu, akatazama barua. Uso ulimbadilika.

"Maana yake kitabu hiki..."

"Hakijawahi kukatwa tangu kitoke kiwandani," alisema Bibi Gundi. "Kinahitaji kisu, na kisu hakijapita. Huo wa 114 umo ndani ya mfuko. Aliyeulilia aliulilia kwa nje."

Karani alishusha kalamu na kutazama dari. Ungedhani Profesa angezama chini ya meza, lakini waliosoma sana hawazami, wanaelea. Alikohoa, akarekebisha miwani, akapata njia.

"Basi jambo hili ni kubwa kuliko nilivyodhani," alisema kwa huzuni. "Sisi wote tulimwamini Mwalimu. Yeye ndiye aliyetusimulia yaliyomo. Mimi niliposema nimesoma, nilitegemea maneno yake. Kumbe alitudanganya. Na chumba cha kusomea kina jina lake mlangoni. Itabidi tulitazame hilo."

Ndilo lile lile Bibi Gundi aliloliogopa, na amelifanya kwa mikono yake. Amejivua tope akampaka marehemu.

"Kwanza tujue kama hiki ni chapa ya kwanza," alisema Mkutubi Mkuu, aliyekuwa amechoka. "Mtaalamu anakuja Jumatatu. Huo mchoro hauonekani hata kwa kuchungulia?"

Bila kufikiri, Bibi Gundi alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kioo cha meno. Ndivyo alivyochungulia kila kitu kwa miaka mingi. Aliomba simu ya Mkutubi Mkuu imulike, akakipanua kidogo kile kifuko kwa chini, akaingiza kioo, akainama.

"Nauona," alisema. Halafu akainama zaidi. "Mbona umesimama sawa?"

"Sawa vipi?" Profesa aliruka. "Sawa maana yake ni chapa ya pili! Hakina thamani! Mungu wangu, bango limeshachapwa!"

"Tulia, baba." Bibi Gundi alikisogeza kioo. "Mchoro umesimama, lakini herufi za ukurasa zinazouzunguka ndizo zimepinduka miguu juu. Kioo kinapindua. Kwa hiyo mchoro wenyewe, kwenye karatasi, uko miguu juu. Ni chapa ya kwanza." Akashusha kioo ukingoni. "Na hapa chini kuna maandishi ya penseli."

"Ya nani?" aliuliza Mkutubi Mkuu.

Bibi Gundi hakuhitaji kufikiri. Mwandiko mbaya namna ile ulikuwa mmoja tu, na ndio uliompatia chumba. Ulikuwa ukingoni kabisa kwa chini, ndani ya mfuko, mahali penseli ilipoweza kufika. Alitoa kioo, akachungulia kwa macho matupu, akasoma kwa sauti: "Huu ndio mchoro wanaoupigia kelele? Katika kioo changu ni kitu pekee katika kitabu kizima kilichosimama kwa miguu yake. Shingo inauma."

Bibi Gundi alikitazama kioo mkononi, mviringo wake mdogo, mpini wake mrefu. Kiti cha dirishani. Bahasha mapajani. Tochi.

"Meno!" alipiga kelele. "Jamani, hayakuwa meno!"

Wakadhani amerukwa na akili. Alikuwa ameketi chini, anacheka, anajipiga mapaja, anasema habari za maji ya chumvi na michicha, na ilichukua muda kabla hawajaelewa kwamba Mwalimu alikisoma kitabu chote, mfuko baada ya mfuko, kwa tochi na kioo, kila herufi imepinduka, na kwamba katika chuo kizima alikuwa peke yake. Mkutubi Mkuu aliagiza barua ya nidhamu ifutwe kwa sababu za kiutawala. Karani aliandika "sababu za kiutawala" kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Jina likabaki mlangoni mwa chumba cha kusomea. Kitabu kikarudi chini ya ngazi kusafishwa vumbi.

Kwa siku mbili, saa saba, Bibi Gundi alikaa kwenye kiti cha dirishani akachungulia mfuko mmoja mmoja. Fizikia hakuielewa hata chembe, wala hakujali. Alitafuta penseli. Katika ukurasa wa 18: "Hapa mzee ameteleza, lakini ameteleza vizuri." Katika wa 67: "Leo chumvi imezidi." Katika wa 150: "Daktari wa meno anataka kioo chake. Nimemwambia kimevunjika. Mungu anisamehe." Alicheka peke yake, akamjibu kana kwamba yuko.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulikuwa wa 231. Hapo penseli ilikuwa imefifia, akahitaji kugeukia mwanga.

"Nimemaliza leo. Nilikuwa nimkumbushe Mama Pacha habari ya kisu, lakini kila nikija namkuta na kazi za watu. Si neno."

Alisoma mara mbili. Kisha ikamrudia siku ile, bahasha mlangoni, rejista arobaini, na sauti yake mwenyewe kupitia sindano: kesho. Neno moja. Mzee wa watu amepinda shingo miaka miwili kwa sababu ya neno moja, na kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Angekata huku wanazungumza. Na malipo yake akamsukutulisha maji ya chumvi! Alilia, na safari hii hakukuwa na kicheko ndani yake.

Alichukua kisu. Alikiweka kwenye mkunjo wa kwanza, akakishikilia hapo. Lakini angemkatia nani? Aliyetaka kukatiwa alikwisha kusoma, akaondoka. Alikirudisha mezani.

Mlango uligongwa. Alikuwa Profesa Kwa Ufupi, peke yake, bila mpiga picha. Alikuwa amekuja jana vilevile, na juzi.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "kile kitabu. Umeshakikata? Mgeni anafika keshokutwa. Akikikuta hivi, atauliza maswali."

"Sikikati."

"Lakini ni aibu! Ataniuliza kilichomo ndani. Mimi ndiye Mkuu wa Idara."

Bibi Gundi alipangusa uso kwa aproni. Alikuwa na majibu mengi mazuri, mengine aliyaandaa tangu siku ya barua. Akamtazama. Lilikuwa jitu zima lenye tai, linatazama viatu vyake, halijui pa kuweka mikono. Akanyoosha kidole kwenye kiti cha dirishani.

"Kaa pale. Tochi hii, kioo hiki. Anza ukurasa wa pili. Taratibu, ukinichania mkunjo nitakuandikia barua ya kujieleza."

Profesa alikaa. Alihangaika na kioo, akakigeuza huku na huku, akainama, akapinda shingo. Baada ya muda mrefu alisema kwa mshangao, si kwa yeyote, "Kumbe!" Kisha akaendelea kusoma, amempa mgongo.

Mezani palikuwa na kazi ya kutosha: kamusi mbili zilizopasuka, atlasi isiyo na jalada, rejista za mwaka mzima. Bibi Gundi alichukua uzi, akatia sindano mdomoni. Dirishani Profesa alijigeuza kitini, akakohoa kidogo, kama mtu anayetaka kitu na hataki kusumbua.

Bibi Gundi alitoa sindano mdomoni, akaiweka mezani, akamuuliza anahitaji nini.